Malalamiko Kuhusu Kiti cha Baiskeli Kilichobaki Labo

Likasi, Ijumaa 14 Machi 2025

Kwa Bwana Godefroid, Mkuu wa Labo,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na malalamiko yafuatayo, niliyoyapanga kwa namba ili yasikuchoshe.

1. Jumanne, kama nilivyoandika katika daftari langu la kila siku, nilifika labo kwenu kupimwa, tumbo likinisokota. Mhudumu wenu Carine aliniambia: "Papa, kesho asubuhi ulete selle. Kidogo tu, sawa mbegu ya muhindi. Na ifike ingali moto." Bwana Mkuu, mimi nina Diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari. Najua kwamba selle, kwa Kifaransa, ni kiti cha baiskeli. Kwamba waganga wanakiita choo kikubwa kwa jina hilohilo, jambo hilo halikuwamo katika mtihani wangu.

2. Kuhusu "kidogo", nilisimama na kisu mbele ya baiskeli, nikatafakari. Nikaona kukata kipande ni kukiharibu kiti. Nikaamua kuwapa chote.

3. Kuhusu "moto", nilikanyaga pedali bila kuinuka hata kwenye mlima, nikakifungua langoni penu, nikakifunika kwa kitenge cha mke wangu Philomène. Kilifika na joto lake. Je, mna mgonjwa mwingine mtiifu hivyo?

4. Carine alifunua kitenge, akauliza polepole: "Papa, hii ni ya nani?" Nikajibu kwamba ni yangu mwenyewe, ya asubuhi hii. Hapo bwana mmoja kwenye foleni akasema: "Papa, njo kinga iko mugonjwa?" Kinga, wewe unajua, ni baiskeli. Bwana huyo alicheka mpaka akamwaga mkojo aliouleta ndani ya chupa. Ilibidi aanze upya. Hilo nalo ni kosa la labo.

5. Nilikimbia, kiti kikabaki mezani kwenu. Sasa naenda kazini Kakontwe nimesimama juu ya pedali, na wapasua mawe wenzangu wananiita Papa Selle. Tumbo bado linauma. Mkubwa wa kazi amesema nisipoleta majibu yenu Jumatatu, nafasi yangu atapewa mwingine.

Kwa hiyo naomba Kifaransa kikatazwe kwa kila kitu kilicho chini ya kitovu. Wahudumu waseme mavi. Na mgonjwa asiondoke kabla hajarudilia kwa kinywa chake alichosikia. Kama haya hayawezekani, basi wenye baiskeli wote wa Likasi waamriwe kukibadili kiti jina.

Nisalimie walioinamia hadubini, mlinzi wa lango aliyeniazima spana, na hata yule bwana wa chupa.

Wako katika maumivu na adabu,
Adrien Mukalay

N.B. Philomène, aliyekuwa nami Jumanne, ameisoma barua hii na kukataa kuipeleka mpaka niongeze haya. Carine alianza kwa kusema mavi, wazi kabisa. Mimi ndiye niliyemkemea: "Binti, mbele ya watu wazima sema Kifaransa." Kisha akaniuliza, "Papa, umesikia bien?" Nikajibu: "Parfaitement, barabara kabisa."

Philomène anakuja na barua mkono mmoja, kikopo mkono wa pili. Mpeni kiti arudi nacho. Tafadhali anzeni na kikopo. Barua haina haraka. Kingali moto.