Baba Yetu Kampani Aje Yanonge Kutoa Mahari

Kisangani, tarehe 11 Februari 1957

Ndugu Mhariri,

Nakupa salamu zote unazostahili, na kidogo juu yake, kwa kuwa nitakuomba nafasi kubwa katika gazeti lako na sipendi kuja mikono mitupu.

Mimi ni karani wa ghala katika kiwanda cha kupasua mbao hapa mjini. Siku ya Mwaka Mpya Bwana Mkurugenzi wetu alipanda juu ya rundo la mbao akatuhutubia kwa Kiswahili chake. Alisema: "Batoto yangu, Kampani iko papa yenu, iko mama yenu." Kisha kila mtu akapewa blanketi na samaki wa chumvi, tukaambiwa twende nyumbani.

Wenzangu walimpigia samaki makofi. Mimi nilibaki na lile neno. Kila mtu wa mji huu anajua kwamba kitu kinachofanana na baba tu tunakiita "sawa papa". Bwana Mkurugenzi hakusema "iko sawa papa". Alisema "iko papa". Na mtu asiniambie kwamba neno "sawa" lilimpotea, maana analo, tunalisikia kinywani mwake kila tunapompelekea shida: "Sawa, sawa, rudia kazi." Siku ile aliliacha kwa makusudi. Kwa hiyo tumepata baba. Nimesoma kanuni za kazi, nimesoma sheria za ndoa, nimesoma na kamusi ya Kifaransa hadi herufi ya P, ambako "patron", yaani mwajiri, na "père", yaani baba, yameandikwa mbalimbali kabisa; lakini kamusi haikuwepo pale kwenye rundo la mbao.

Baba huyu amefika wakati wa kufaa, kwa sababu ya mpwa wangu Zéphirin, anayeongoza msumeno mkubwa. Baba yake alikufa kijana akiwa hajajua kutembea, na dada yangu akafuata. Sasa anataka kumwoa Célestine, binti wa papa Nicolas, mvuvi wa Yanonge, na Célestine naye anamtaka. Papa Nicolas ametuma neno: baba wa kijana aje na mahari kabla ya Pasaka, la sivyo binti atakwenda kwa mchuuzi mmoja wa Banalia mwenye lori. Zéphirin alipokwenda ofisini kuomba nyongeza ya mshahara, alijibiwa kwamba mshahara wake unatosha, kwa kuwa mengine yote anafanyiwa na Kampani, baba yake.

Vizuri sana. Basi haya ndiyo madai ya watoto.

1. Kuhusu mshahara. Nakiri kwamba hakuna baba anayemlipa mwanawe mshahara. Lakini pia sijaona baba anayepima chakula cha mwanawe kwa kopo kila Jumamosi na kukiita posho. Mtoto huingia jikoni, hufunua chungu, hula mpaka ashibe. Tunaomba kuonyeshwa jiko. Tutakuja kwa zamu, tutanawa mikono.

2. Kuhusu mahari. Kampani aende Yanonge mwenyewe. Hatutaki amtume karani, kwa sababu karani ni mimi. Atakaa kwenye kiti kifupi mbele ya shangazi za Célestine, nao watamuuliza, kama ilivyo desturi, kama mwanawe amefundishwa kuoga na kama ukoo wake una wezi. Hapo hakasiriki mtu, wala hakatwi mtu mshahara. Anajibu kwa utani, anaongeza mbuzi. Shangazi mkubwa, mama Lucie, ameshapita kwangu kupeleleza. Alisema: "Tonton Théodore, tunasikia muna papa mupya, iko muzungu. Bon. Anakulaka pondu? Anajua kuikala chini?" Nilimjibu kwamba kula pondu, majani yetu ya muhogo, tutamfundisha. Akasema: "Na mama? Donc mama yake iko nani?" Ndugu Mhariri, swali hilo ni la haki. Kampani ni mama vilevile, na mama wa bwana harusi hucheza ngoma mbele ya wakwe, na sahani ya samaki kichwani. Ofisi ikutane iamue nani atacheza. Mimi ningempendekeza Bwana Mhasibu, ambaye ana kiuno chepesi ingawa masharubu yatahitaji maelezo.

3. Kuhusu kodi na ruhusa. Mtoto halipi kodi ya kichwa. Nina miaka hamsini na ndevu nyeupe, nimelipa tangu ujana wangu, nangoja kurudishiwa. Vilevile, mtoto hatembei na karatasi ya kumruhusu kupita uani kwa baba yake. Zéphirin akitoka zamu ya jioni akakatiza mitaa ya Wazungu bila karatasi, anashikwa na polisi. Baba mzazi, taa zake zinawaka pale pale dirishani, hatoki kusema, "Mwacheni, huyo ni wangu." Labda haoni vizuri. Tunamwombea miwani.

4. Kuhusu Pierre. Hapa sina utani mwingi. Pierre wa msumeno wa pili aliacha vidole viwili kwenye mashine, na siku alizolala hospitali zikakatwa katika mshahara wake kwa sababu hakuonekana kazini. Baba wa mtaani kwetu, hata yule mlevi, angeuliza kwanza vidole viko wapi.

5. Kuhusu chama. Tulipoomba kuunda chama cha wafanyakazi, tuliambiwa kwamba watoto hawamfanyii baba yao baraza. Tumesikia na tumenyamaza. Lakini kwetu, watoto wakionewa huwaita ndugu wa mama, yaani wajomba, na mjomba akifika baba hujikunja. Basi, kwa kuwa Kampani ni mama pia, wajomba zetu ni akina nani? Nimefikiri usiku na mchana, nikaona hawawezi kuwa wengine ila wenye hisa kule Ulaya. Tunaomba anwani zao. Tutawaandikia kwa heshima, waje wakae katikati, wasikie habari za posho na za Pierre, wamkemee shemeji yao.

6. Mwisho, kuhusu urithi. Baba akifa watoto hugawana. Zéphirin atachukua msumeno, mimi nitajitahidi na nyumba ya Mkurugenzi yenye veranda. Lakini hatumwombei baba kifo. Kama akichoka na kutaka kurudi Ulaya, hakuna shida: baba akihama huhama na watoto. Sisi sote tutapanda meli pamoja na wake zetu na kuku, na kwa habari ya baridi ya huko asisumbuke, kila mtu analo blanketi.

Ninaamini, Ndugu Mhariri, kwamba baba mwenye moyo atayaona madai haya kuwa madogo. Nimepeleka nakala ofisini kwanza, isije ikasemwa tunamsema mzazi nyuma ya mgongo wake.

Nisalimie wapangaji wa herufi, wauza magazeti, mama watoto wako, na yule anayesoma barua kabla yako kwa niaba ya Serikali. Mwambie nimejitahidi kuandika kwa mwandiko mzuri.

Ni mimi, mtoto mtiifu wa Kampani,
Théodore Lotika

N.B. Nilikuwa sijabandika stempu tulipoitwa ofisini, Zéphirin na mimi. Bwana Mkurugenzi alikuwa na nakala mezani. Hakukasirika hata kidogo, na hilo lilinitia hofu. Alisema: "Muzuri. Miye papa. Nitalipa mahari yote, mbuzi, nguo, yote." Zéphirin akaanza kushukuru. Bwana Mkurugenzi akaendelea: "Lakini papa ndiye anachagua bibi." Akaeleza kwamba Yanonge ni mbali, wakwe wakifiwa kijana atakosekana kazini kwa matanga, kwa hiyo amemchagulia Hélène, binti wa kapita Zacharie, yule kapita anayetuandika majina tukichelewa. Hélène mwenyewe hajaulizwa. Harusi baada ya Pasaka, Kampani atatoa bia.

Tulitoka nje. Tulipofika getini Zéphirin akaniambia: "Tonton, unajua mingi. Alors, andika ingine."

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nakusihi: kila mahali nilipoandika "baba", weka "mwajiri", na madai yote sita uyafute, ila lile la Pierre. Nimechunguza upya ukoo wetu nikakuta sisi sote kiwandani ni yatima, tangu zamani, na hatutafuti mlezi. Tunaomba mshahara ambao mtu humlipa mgeni asiyemjua, kamili, ili kila yatima ajinunulie mbuzi wake na kuwapeleka anakotaka mwenyewe. Barua itoke katika gazeti la wiki hii. Célestine anasema mwenye lori amekwisha kuliosha.