Kuchuchumaa kwa Mzee Tokuji Mbele ya Farasi Asiyeonekana

Tegeni masikio, enyi wenye subira, na mwenye kikohozi akohoe sasa, kwani nasimulia kuchuchumaa kukuu kuliko kote kulikopata kutokea mjini Tono, nami nilishuhudia kwa macho yangu nikiuza tiketi mlangoni.

Alikuwapo Orikasa Chidori, jemadari wa patasi, aliyepigana na ubao wa mcheri majira mawili ya baridi hadi ukamtoa farasi jike aliyesimama thelujini. Naye Yasuhiko mumewe, bwana wa kiwiko, akamchapa bila tone la wino, akiikandamiza karatasi mbichi kwa mfupa wa mkono mpaka farasi akainuka, mweupe juu ya weupe. Wino ulipewa uzio peke yake.

Ole wao, taa za ukumbi wa maonyesho zilimulika kutoka darini zikafuta kila kivuli. Siku tisa majeshi ya watazamaji yalipita, yakausifu uzio. Bwana mmoja aliniuliza kama farasi ameshauzwa, ukabaki uzio. Chidori akaapa: siku ya kumi ikifungwa bila farasi kuonekana, atawaacha farasi milele achonge paka.

“Sogeza taa basi, mama,” Yasuhiko akamsihi. “Kiwiko changu hakikuumia kwa ajili ya uzio.”

“Sisogezi. Nikishawaonyesha kwa kidole, nimeshindwa. Kesho nachonga paka.”

“Paka hata kipofu anamwona.”

“Ndiyo maana wananunuliwa.”

Nilimhurumia, maana sauti yake haikuwa ya utani.

Ikabaki nusu saa kufunga, Chidori na mumewe wamesimama kando ya picha. Ndipo alipoingia Sasamori Tokuji, simba wa miaka themanini na moja, aliyewavisha farasi viatu vya chuma tangu ujana wake. Hakuja kwa ajili ya sanaa. Basi lake lilikuwa bado, na sisi tulikuwa na moto. Akasoma kibandiko: Farasi Jike, Theluji.

Sasa, wafugaji wa kwetu hawamkabili jike mgeni uso kwa uso. Humwendea ubavuni, wakachuchumaa, wakamwachia anuse mkono, ndipo wakamtazama. Shujaa wetu hakuona farasi yeyote, lakini adabu ni adabu, hata kwa farasi wa karatasi. Akazunguka kushoto. Akayaamuru magoti yake, waasi wawili wasiotii tangu mwaka juzi, nayo yakalia hadi nikayasikia mlangoni, yakasalimu amri. Akachuchumaa, akanyoosha kiganja. Na jua la alasiri, lililokuwa likiingia chini dirishani, likapita ubavuni mwa karatasi, vivuli vikamwinua farasi mbele ya macho yake.

Akamfuata kwa macho kutoka mgongoni hadi tumboni. Kisha akasema bila kugeuka:

“Huyu ana mimba, mama. Amebakiza miezi miwili hivi. Msimtembeze kwenye barafu.”

Yasuhiko, aliyelikandamiza tumbo lile mara mia mbili, akamgeukia mkewe. “Ana mimba?”

“Ndivyo nilivyomchonga,” Chidori akasema, machozi yakimtoka huku anacheka. “Sikumwambia mtu.”

Watatu tukamwinua shujaa, kwani magoti yalikataa safari ya kurudi. Basi likaondoka bila yeye, wala hakulijali. Alikuwa akimuuliza Chidori jike huyo analishwa nini.

Basi na iandikwe katika kumbukumbu za Tono, na wajukuu wasomewe: siku ya mwisho ya maonyesho, saa kumi na robo alasiri, farasi mmoja alionwa na mtu mmoja, na kesho yake Orikasa Chidori akaanza kumchonga mtoto wa yule jike.