Matone ya Qais na Posa ya Reem

Redio ya mkahawani Malindi ilisema hivi: wataalamu wamesoma vinasaba vya binaadamu, vile vidude vidogo mno tunavyovirithi kwa wazee wetu, na sasa wanachungua kwa nini mwili wa huyu unapigana na maradhi na wa yule unashindwa. Huenda siku moja wakaweza kuufunza mwili kujikinga. Wanywaji kahawa wote walisikia "huenda". Qais peke yake hakuisikia. Alikuwa keshasimama.

Qais alikuwa kijana mtanashati, kanzu haina kunjo, na kazi yake ilikuwa kuzungumza. Alinunua vichupa vitupu vya dawa ya macho, akatia maji ya mfereji, sukari na marashi kidogo.

"Ukoo wetu hatuijui malaria," aliwaambia kina mama wa Ng'ambo, uso mkavu. "Vinasaba vyetu vya kinga vimetolewa kwenye mate yangu, vikasafishwa kwa mashine. Mtoto akinywa matone yake, mwili unageuka kama wangu."

"Mashine yenyewe iko wapi?" aliuliza Mwanakheir, muuza maandazi.

"Ulaya, bibi. Hapa umeme si unakatika?"

Umeme ulikuwa unakatika kweli, basi akaaminiwa. Mtu anayejibu upesi hivyo, mama, shikilia mkoba wako.

Lakini shabaha yake hasa ilikuwa Reem, binti wa pekee wa Bi Hind, mwenye nyumba ya ghorofa tatu. Qais alimtaka Reem. Nyumba nayo hakuichukia.

"Shikamoo, Bi Hind. Nimemletea Reem chupa. Hii siuzi, hii haijachanganywa na kitu."

"Marahaba. Kwa hivyo mwanangu akinywa, anakuwa na vinasaba vyako?"

"Mpaka ndani ya mifupa, Bi Hind."

"Ahsante, baba," akasema, akaipokea.

Mvua zikaja na mbu wake. Usi, mtoto wa Mwanakheir, akashikwa na homa. Mama yake akampa matone, akangoja, akamuongeza, akangoja. Alipofika naye hospitali mtoto keshapatwa na degedege, na madaktari walimuokoa kwa shida. Bi Hind alikwenda kumtazama.

Ijumaa iliyofuata Qais akaja kuposa pamoja na ami yake, Mzee Mbarouk. Wakaikuta sebule imejaa kina mama wa Ng'ambo, Mwanakheir mbele yao, Usi kalala pajani, kakonda kabaki macho tu.

Bi Hind alimsikiliza Mzee Mbarouk mpaka mwisho.

"Posa nzuri. Tabu moja tu. Watoto wakinyonya ziwa moja wanakuwa ndugu, hawaoani. Na hayo ni maziwa. Huyu kijana wako kampa Reem vinasaba vyake mpaka ndani ya mifupa. Sasa si kaka yake huyu?"

Mzee Mbarouk akamgeukia Qais. Sebule nzima ikamgeukia Qais.

"Bi Hind, si... si kiasi hicho."

"Kwani matone hayafanyi kazi?" aliuliza Mwanakheir, kwa upole uliotisha.

Qais alikuwa na njia mbili: aseme ni maji ya mfereji, mbele ya wale mama, au ampoteze Reem. Akautazama mlango. Umekaliwa na mama wawili wanene.

"Reem ni dada yangu," akasema.

"Basi mimi ni mama yako. Kesho utapita nyumba kwa nyumba, uwarejeshee watu pesa zao, na kila mlango useme kwa ulimi wako: mtoto akipata homa, hospitali."

"Naam, mama."

Mwaka haukwisha, Reem akaolewa na Khalil, fundi wa mashine za boti. Kaka wa bibi harusi alikuwa uani tangu alfajiri, anakoroga pilau, machozi ya moshi yanamtoka. Reem akamchungulia dirishani.

"Mama, mbona mimi ile dawa sikuinywa hata tone?"

"Nnajua. Nliumwagia mrehani pale roshani."

"Sasa huyu kaka wa nani?"

Bi Hind akautazama mrehani. Wadudu walikuwa wameutoboa majani yote.

"Wa mrehani," akasema. "Na wenyewe unaugua."