Hakuna Rundo, Hakuna Kazi

Jumamosi, tarehe 6 Julai 2024, saa tatu na dakika saba asubuhi, manyunyu yakipiga madirisha ya ukumbi wa mikutano wa Hässelby, Stockholm, na joto likiwa nyuzi kumi na nne, Tume ya Kudhibiti Magugu Sumu katika Malisho ilizaliwa rasmi. Ilizaliwa ikiwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kaulimbiu na mhuri wa duara. Kilichokosekana ni jembe tu, nalo liliingizwa katika mpango wa awamu ya pili.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Boniface, mhandisi wa mabomba ya maji, aliyeishi Stockholm miaka thelathini na tatu bila kuachwa na treni hata moja. Kabla ya uhandisi alikuwa kiranja mkuu wa shule ya bweni ya wavulana huko nyumbani Tanzania, cheo ambacho, kwa maoni yake, hakina kustaafu. Aliamini kwamba dunia ingetengemaa siku ambayo kila mtu angetandika kitanda chake kwa pembe nne zinazolingana. Dunia ilikuwa haijajaribu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumkosoa.

Sababu ya Tume ilikuwa ng'ombe mmoja. Umoja wa Wazungumzaji wa Kiswahili ulikuwa umekodi malisho ya manispaa nje kidogo ya Upplands Väsby, na humo Ephraim, dereva wa basi, alifuga mtamba wake aitwaye Subira, mwenye mimba ya kwanza. Ephraim alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na matumaini yote ya uzee wake yalitembea kwa miguu minne. Majira hayo malisho yalivamiwa na gugu la maua ya manjano ambalo Waswidi huliita stånds. Ng'ombe akilila, ini huharibika kidogo kidogo, na dawa hakuna.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema Ephraim, "kazi yenyewe ni kung'oa tu. Tunavaa glavu, tunang'oa na mizizi yake, tunatia kwenye viroba, tunapeleka kuchomwa. Kesho jioni tumemaliza."

Boniface alimtazama kwa huruma. "Ndugu Ephraim, hicho ulichokieleza ni kitendo. Tume hii imeundwa kutafuta utaratibu."

Utaratibu ulikuwa na vifungu kumi na saba. Magugu yangeng'olewa na kupangwa katika marundo ya kimo kimoja, kwenye mstari ulionyooka, humo humo ndani ya malisho, hadi Tume ije kuyakagua baada ya siku kumi na nne. Isitoshe, kipande cha hatua thelathini kwa thelathini karibu na lango kisingeguswa kabisa. Kingehifadhiwa kama Shamba la Mfano, ili wajumbe wapate kumtambua adui.

Katibu, Isra, binti aliyezaliwa Stockholm na aliyekuwa akisomea udaktari wa wanyama, aliinua kalamu.

"Mjomba, samahani. Gugu hili likiwa bichi ni chungu, ng'ombe mwenyewe analikwepa. Likinyauka, uchungu unapungua na sumu inabaki. Ukiacha marundo mle ndani umemwandalia mezani. Det är ju livsfarligt! Ni hatari ya kifo!"

"Hoja nzito. Iingize kwenye Mengineyo."

"Lakini Mengineyo ya mkutano uliopita hatujayafikia bado!"

"Ndiyo maana huwekwa mwisho."

Adrienne, mweka hazina, mama wa Bukavu asiyetishwa na mhuri wa mtu, akadakia: "Mais Président, na ile Shamba la Mfano? Ng'ombe atajua namna gani hapana kuingia?"

"Kutakuwa na kamba na kibao."

"Kibao! Subira alisoma shule gani?"

Ukumbi uliangua kicheko. Mwenyekiti aliagiza kicheko hicho kiandikwe katika kumbukumbu kama kuungwa mkono.

Likabaki swali la nani ang'oe. Hapo Boniface alitoa mfukoni daftari jeusi la adhabu za shule, lililofungwa kwa mpira, na wote wakajua linakoelekea, kwa maana hawakuwa wageni wa daftari hilo.

"Ephraim, kidato cha tatu," alisoma. "Mwaka 1984. Adhabu: siku tatu za kufyeka. Shule ikafungwa kesho yake. Deni halijatumikiwa."

"Kiranja, nyasi nilizifyeka!" Ephraim alilalama, kama alivyolalama kila Krismasi. "Upepo ulikuwa unazitawanya, nikazibeba nikazitupa nje. Nikaongezewa siku tatu kwa kufanya usafi!"

"Nilifika kukagua, nikaona ardhi tupu. Hakuna rundo, hakuna kazi."

Ephraim alitazama dari. Kisha akamfikiria Subira na mimba yake, akakubali.

Aling'oa siku tatu, na kwa kuwa hakuwa mjinga, kila jioni alitia magugu kwenye viroba na kuyapeleka kuchomwa. Shamba la Mfano hakuligusa. Lilikuwa na kamba, na mtu aliyekula ugali wa bweni haivuki kamba ya kiranja, hata akiwa na wajukuu.

Tume ilikagua Julai 20. Boniface aliyazunguka malisho mara mbili, mikono nyuma. Hakuona gugu hata moja nje ya kamba. Hakuona rundo pia.

"Inasikitisha," alisema. "Hakuna kilichofanyika."

"Mjomba," alisema Isra, "magugu hayapo."

"Hayapo wapi? Ushahidi uko wapi? Huenda hayakuwahi kuwapo. Deni la Ephraim linabaki siku tatu."

Jioni hiyo aliiandikia manispaa barua ya kurasa nne kwa Kiswidi kisicho na doa, akiomba mkaguzi aje kushuhudia uzembe wa mfugaji. Manispaa ikajibu kwamba ikithibitika malisho yana gugu sumu lisilodhibitiwa, mkataba utavunjwa na ng'ombe atahamishwa. Boniface aliyasoma maneno hayo kwa fahari, kwa sauti, mbele ya Ephraim. Ephraim hakuwa na pengine pa kumpeleka ng'ombe. Alikwenda kumkuna Subira katikati ya pembe.

Mkaguzi alifika Alhamisi, tarehe 8 Agosti: mwanamke mfupi, buti za mpira, maneno machache. Aliyapita malisho yote, Ephraim na Tume nzima nyuma yake, akitikisa kichwa kwa kuridhika, jambo lililomtia Mwenyekiti wasiwasi. Kisha akafika langoni, akasimama.

Shamba la Mfano lilikuwa limestawi kuliko kitu chochote Upplands Väsby. Lilimfikia mkaguzi kiunoni, lote manjano, na baadhi ya maua yalikwisha kuota manyoya meupe ya mbegu, yakingoja upepo. Subira alikuwa amepitisha shingo juu ya kamba, akitafuna.

Ephraim alipiga kelele. Isra akaruka uzio, akamkamata ng'ombe taya, akachungulia. "Nyasi," alisema, akihema. "Ni nyasi tu. Bado linamshinda kwa uchungu."

Mkaguzi aliuliza nani mwenye bustani hii. Kibao kilikuwapo, kwa lugha mbili: MALI YA TUME. USIGUSE. KWA AMRI YA MWENYEKITI. Chini yake palikuwa na namba ya simu. Mkaguzi akaipiga.

Koti la Boniface likaita.

Likaita mara tano, maana mwenye koti alikuwa akitafuta kifungu kinachohusika. Mkaguzi alikata simu akatoa hukumu: yote yang'olewe kabla ya Jumapili jioni, ama malisho yarudi kwa manispaa.

"Wajumbe," alisema Boniface walipobaki wenyewe, "tuunde kikosi."

"Président, miye nabebaka mhuri tu," alisema Adrienne, akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Isra, mwanangu?"

"Mjomba, nimeliingiza kwenye Mengineyo."

Ephraim, aliyekuwa na zamu za basi siku zote tatu, hakumcheka. Alimpa glavu.

Haki isemwe: Boniface aling'oa. Ijumaa aliyapanga magugu katika rundo moja, kimo sawa, kingo zimenyooka, akarudi nyuma hatua tatu kulitazama kwa upendo. Mchana jua lilikuwa kali na rundo likanyauka. Subira akaja, akalinusa, akafungua kinywa. Mhandisi Boniface, kiranja mkuu, alilikumbatia rundo lote kifuani na kukimbia nalo hadi nje ya lango, huku miwani ikimdondoka na ng'ombe akimfuata kwa hamu. Baada ya hapo hakupanga tena rundo. Alitia kila konzi kirobani.

Jumapili, saa kumi na mbili jioni, Ephraim alifika akiwa bado na sare ya basi. Alilizunguka Shamba la Mfano mara mbili, mikono nyuma. Palikuwa pamebaki udongo mtupu, na Boniface, aliyeshindwa kunyooka mgongo.

"Rundo liko wapi?" aliuliza Ephraim.

"Nimeyabeba nje. Yangemuua ng'ombe."

"Mimi naona ardhi tupu, Kiranja. Hakuna rundo."

Boniface alifungua kinywa ili amalizie kaulimbiu yake mwenyewe, kisha akakifunga. Akalitoa daftari jeusi, akalifungua kwenye goti, akaandika polepole huku akisoma kwa sauti: "Ephraim, kidato cha tatu. Siku tatu. Zimelipwa."

"Na nani?"

Kalamu ilisita kidogo. "Zimelipwa na kiranja," alisema, akaandika hivyo. Na kwa kuwa mhuri ulikuwa kwenye mkoba wa Adrienne, akagonga chini yake dole gumba lenye udongo.