Vigoda vya Wagumba

Gachau wa Makongeni hakuwahi kufanya kazi ya kumtoa jasho, na alijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia digrii. Siku moja aliingia kwa jirani yake Wilkister akaona kigoda cha miguu mitatu kinachotoshea ndani ya kiberiti. Moyo ukamruka.

Wilkister alikuwa na printa ya resini, mashine inayogandisha maji mazito kwa mwanga mpaka kinatoka kitu kigumu. Aliwatengenezea wanasesere majiko, sufuria na viatu, akavipaka rangi kwa brashi ya nywele tatu.

"Wilki, nifanyie vigoda sita, vyungu sita na mikuki. Paka rangi ya matope."

"Mwanasesere gani huyo anaishi hivyo?"

"Wa mpwa wangu. Anapenda mambo ya kale."

Mpwa hakuwepo. Aliyekuwepo ni Mzee Zacharia, mwenye nyama choma kule Ruiru, na gari lake, Probox nyeupe ambayo Gachau aliitamani mpaka akaiota. Tena walikuwepo Wagumba, wale watu wafupi ambao wazee wa Kikuyu husema waliishi huku kabla yetu, wakaingia ardhini wasionekane tena. Na mtu asiyeonekana, ndugu yangu, haendi polisi kuripoti.

Pale Ruiru, kati ya wateja wake, Zacharia alishika kigoda kwa kucha mbili. "Ngai! Kumbe walikuwa wafupi hivi?"

"Wafupi vibaya, mzee. Ng'ombe wao alikuwa sungura."

"Na unataka nini?"

"Probox peke yake. Weka hivi vitu hapa, watu watatoka hata Nairobi kuja kuviona. Wakishaona, si watakula?"

Zacharia akameza mate. "Ulivichimba wapi?"

"Kwa lile timbo la mawe lililoachwa, nyuma ya Mwiki. Lenye ua wa mabati ya bluu. Kwa mikono yangu hii!"

"Hebu rudia, hawa wa meza ile wasikie."

Gachau akarudia, akaongeza na jasho ambalo hakulitoa.

"Sawa," akasema Zacharia polepole. "Hilo timbo ni langu. Umeingia kwangu, ukafukua mali yangu, ukaja kuniuzia. Ama hukuchimba? Sema basi, nijue polisi nitawaambia ni wizi ama ni utapeli."

Gachau akaanza kuvikusanya vigoda vyake.

"Usiogope, kijana wangu. Probox utapata. Lakini penye viti sita hapakosi meza. Kesho saa mbili kuja na jembe."

Hii ni wiki ya tatu anachimba. Siku ya pili tu Zacharia alihamisha majiko na mabenchi mpaka ukingoni mwa timbo, na Jumapili watu hukosa pa kukaa. Wanakula mbavu wakipiga kelele, "Gachau, hapo kushoto!" Mhudumu mmoja alimuuliza mzee kama kweli anaamini mambo ya Wagumba. "Mimi naamini nyama," akajibiwa.

Langoni Wilkister ameweka meza ya kuuzia vitu vyake. Kinachotoka sana ni kijitu cha resini kilichoinama na jembe, shati limepakwa jasho mgongoni. Jana Gachau alipanda juu kunywa maji, akakichukua, akakigeuza.

"Wilki, hili tumbo si langu!"

"Rangi haijakauka," akamwambia. "Ukishika umenunua."