Mabati Arubaini ya Mjomba Tsuma

Jumatatu, 7 Machi 1966

Duka langu la Bongwe liliteketea Ijumaa, tarehe nne, saa saba na robo mchana, sote tukiwa msikitini. Magunia tisa ya mahindi, mizani, mabati ishirini. Kwisha! Moto ulianzia jikoni kwa jirani yangu Ngala, muuza mandazi. Yeye aapa ulianzia kwangu.

Leo chifu ametangaza kuwa serikali inawainua wafanyabiashara wadogo. Kila duka lililoungua, mabati ishirini. Nikapiga hesabu. Kwa nini liwe duka moja? Nitamwandikisha marehemu mjomba Tsuma kuwa mshirika wangu, mwenye duka la pili. Kafa miaka minne sasa, hawezi kunikana. Na mpwa ndiye mrithi. Arubaini!

Mke wangu, Mwanatumu, akasema jina la marehemu halitumiwi kabla ya kwenda kaburini kumwarifu na kumwagia uji. Nikamwambia unga umeungua.

Jumatano, 9 Machi

Nimefika ofisini Kwale, fomu mbili mkononi. Karani akasema, Bwana Boga, umechelewa, mwenzio ameshakuja. Mwenzangu yupi? Mzee Tsuma! Mpole mno, kajifunga bafta nyeupe kama ya sanda, miguu imejaa udongo mwekundu. Karani alimwamkia kwa mkono, na mkono huo u baridi mpaka sasa, anauficha kwapani.

Akanionyesha alama ya dole kwenye fomu. Nusu dole. Mjomba alijikata dole gumba akifua nazi, mwaka wa arubaini na tisa.

Nywele zikanisimama. Kisha nikakasirika. Yeye alikuwa wa sita kwenye foleni. Mimi wa thelathini na moja!

Ijumaa, 11 Machi

Lori limekuja. Ngala kapata ishirini yake, anacheka. Mimi, hakuna. Dereva akasema mshirika wangu mkubwa, yule mzee, alitia dole kwa niaba ya washirika wote wawili, akapanda lori, akaonyesha pa kushusha mali. Wapi? Makaburini.

Nikaenda. Jua la saa sita, na hakuna hata kunguru. Juu ya kaburi la mjomba, kibanda kipya. Mabati arubaini, misumari imenyooka. Ndani inaning'inia mizani yangu iliyoungua, haina hata alama ya moshi. Inacheza polepole, kama iliyotoka kupima sasa hivi. Mlangoni kuna nyayo nyingi zinazoingia. Zinazotoka, sifuri. Nilihesabu mara mbili.

Jumapili, 13 Machi

Ngala anatangazia mji mzima kwamba mjomba atanishinda kwa biashara, maana yeye hapunji. Mwanatumu kalia, akaniambia: Bakuli moja tu la uji, Baba Mbeyu, umwombe radhi, tupate paa kabla ya mvua. Bakuli moja! Wateja wote anao yeye, halafu mimi ndiye nimpelekee chakula?

Nimemwandikia barua, nikaiweka juu ya mizani:

"Mjomba, shikamoo. Mabati ishirini ni yangu. Unanipa au hunipi? Nijibu Jumanne, saa sita kamili mchana. Usiponijibu, Jumatano naenda Kwale kumwandikisha marehemu mama yako, awe mkubwa wako wewe."