Mwanga wa Kwanza na Gagulo Langu

Jamani, leo nimeaibika, tena nimejitakia.

Asubuhi nilifua. Kamba ikajaa, nikatundika gagulo langu, lile la kuvaa chini ya sketi, kwenye antena. (Dakika mbili tu! Nikasahau.)

Mchana baba mkubwa akafika na meli ya Nansio. Kaja kuamua: niende kidato cha tano nikasome fizikia, au niingie kiwanda cha minofu ya samaki. Baba hapingi neno la kaka yake.

Saa kumi kulikuwa na mpira. Majirani wakajaa sebuleni na vigoda vyao. Tukawasha televisheni. Hakuna picha, chenga tupu!

"Ipigeni ubavuni," akasema Mama Kulwa, jirani yetu. Wakaipiga. Chenga.

Mimi sina subira. Nikasimama mbele ya kioo.

"Baba mkubwa, shuleni tuliambiwa chache kati ya chenga hizi ni mwanga wa kwanza kabisa wa ulimwengu. Umesafiri tangu kabla ya jua, kabla ya ziwa. Sasa hivi umefika hapa kwetu Igoma!"

Wakasogeza vigoda mbele.

"Na kuna fumbo. Ukiupima upande huu wa mbingu na upande wa pili, joto ni lilelile, na pande hizo hazijawahi kukutana. Ni kama sufuria ya uji iko Nansio na nyingine Kisesa, zinapoa sawasawa, na hakuna aliyepeleka habari. Wataalamu wenyewe bado wanabishana."

"Sasa nani alikoroga?" akauliza Mama Kulwa, polepole.

Nikasisimka mwili mzima. Hilo ndilo swali lenyewe! Sebule nzima ikatazama chenga, mpira wameshausahau. Baba mkubwa akavua kofia.

"Unaingilia wapi huo mwanga?"

"Kila mahali, baba mkubwa. Ila televisheni inaudaka kwa antena."

"Nataka kuiona."

Akatoka. Wote nyuma yake. Wakainua macho kwa heshima, kama wako kanisani.

Gagulo langu. La pinki. Lenye kiraka! Limejiviringisha kwenye antena, upepo wa ziwa umelivuta mpaka waya umechomoka, unaning'inia.

"Binti," akasema baba mkubwa, "mwanzo wa ulimwengu ndio huu?"

Mama Kulwa akakaa chini mavumbini, anacheka huku machozi yanamtoka. (Nilitamani ardhi inimeze na antena yake.)

Baba mkubwa akarudisha kofia kichwani, akamgeukia baba.

"Mpeleke shule. Kiwandani huyu ataanika nguo kwenye mashine."

Kwa hiyo naenda! Ila nawaomba msicheke. Mwanga umesafiri tangu mwanzo wa kila kitu, haukukwama popote, umekuja kukwama kwenye gagulo langu.